Boti inayouliza "Mambo?": jinsi ya kuunda boti ya kuhimiza mazoea ya afya

Kati ya 2007 na 2009, wagonjwa wa VVU katika kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, walikuwa wakipokea ujumbe wa simu mara moja kwa wiki. Ujumbe wenyewe ulikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Hakuna zaidi. Matokeo ya utafiti huo, uliojulikana kama WelTel, yalichapishwa 2010 katika jarida la Lancet. Kati ya watu 273 waliopata ujumbe, asilimia 62 walisema wanatumia dawa ipasavyo. Kati ya 265 ambao hawakuupata, ilikuwa asilimia 50. Vipimo vya damu navyo vilionyesha tofauti: virusi vilikuwa vimedhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliopata ujumbe, dhidi ya 48 ya wasioupata.

Ukiusoma ujumbe ule kwa jicho la mtu anayetaka kuunda boti ya afya (programu inayowaandikia watu yenyewe), kinachoshangaza ni kile kisichokuwemo. Haukutaja dawa wala ugonjwa, na hakuna mahali ulipomweleza mtu umuhimu wa afya yake. Uliuliza hali, ukangoja jibu, na nyuma yake alikuwepo binadamu.

Utafiti mwingine ulifanyika Chulaimbo, karibu na Kisumu, ukachapishwa 2011. Huko walijaribu mambo mawili kwa pamoja: ujumbe wa kila siku dhidi ya ujumbe wa kila wiki, na ujumbe mfupi dhidi ya mrefu wenye maneno ya kutia moyo. Ujumbe wa kila wiki ulisaidia: asilimia 53 walifikia kiwango kizuri cha kutumia dawa, dhidi ya 40 ya wasiotumiwa kitu. Wa kila siku haukuonyesha faida hiyo. Na maneno ya kutia moyo hayakuongeza chochote juu ya ujumbe mfupi.

Boti nyingi za afya zinajengwa kinyume kabisa cha hapo. Zinatuma kila siku, zinatuma aya nzima, na hazina habari na jibu lako. Baada ya wiki mbili mtu anazizima sauti, na mwenye boti anaendelea kuhesabu watu waliojiunga.

(Neno lenyewe lina utata: boti kwa wengi wetu ni chombo cha kwendea Unguja. Humu ni programu inayotumia akaunti kwenye mtandao wa kijamii, ikiandika na kujibu bila mtu kubonyeza.)

Iishi wapi

Tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho: boti ya kuwahimiza watu wazima kutembea, kwa kikundi cha watu 200 hivi, tuseme wafanyakazi wa ofisi moja au wanachama wa saccos.

Wengi watataka WhatsApp, kwa sababu watu wako huko. Inawezekana, lakini kwa mlango rasmi wa biashara, nao una sharti moja linalotawala kila kitu. Mtu akikuandikia, una saa 24 za kumjibu upendavyo. Zikipita, unaruhusiwa kumtumia tu ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa mapema, nao una bei yake. Kwa hiyo kiolezo chako kiwe swali, ili jibu lake likufungulie saa 24 nyingine. Kuna maktaba za programu zinazojifanya mtu aliyefungua WhatsApp kwenye kompyuta, na zinatamanisha kwa kuwa ni bure. Ziache. Namba inayotuma ujumbe ule ule kwa watu 200 kwa dakika tano hufungiwa, na ikifungiwa umepoteza kikundi chote kwa siku moja.

X na Facebook zinafaa kwa tangazo la hadharani, si kwa mazungumzo ya afya ya mtu mmoja mmoja. Kwenye X, boti inayowarukia watu wasioiomba kwa sababu tu wameandika neno "chipsi" inavunja kanuni za mtandao huo. Pia inaudhi.

SMS ndiyo inayofika kwenye simu ya kitochi. Huduma ya Wazazi Nipendeni nchini Tanzania, iliyoanza 2012, ilikuwa hivyo: mama anatuma neno MTOTO kwenda 15001 na kuanza kupokea ujumbe wa ujauzito bila malipo. Ukienda njia hii jihadhari na kitu kidogo sana. SMS moja hubeba herufi 160 ikiwa maandishi ni ya kawaida, na Kiswahili hakina herufi za ajabu, kwa hiyo kinaenea vizuri. Lakini ukiandika ujumbe kwenye programu ya ofisi kisha ukaunakili, alama ya ung'ong'o katika "ng'ombe" au "ng'oa" inageuka ile iliyopinda. Alama hiyo moja inahamisha ujumbe wote kwenye mfumo wa herufi 70 kwa SMS, na zikiunganishwa ni 67 kwa kila kipande. Ujumbe wako wa herufi 150 uliokuwa SMS moja unakuwa SMS tatu, na bili mara tatu. Emoji moja inafanya vilevile.

Kwa kuanzia, Telegram ndiyo rahisi kuliko zote: ni bure, haihitaji idhini ya mtu, ina vitufe vya kubonyeza, na boti haiwezi kumwanza mtu. Ni lazima yeye abonyeze Start kwanza. Watu hulalamikia kizuizi hicho, ila ndicho kinachokuhakikishia kwamba kila aliye kwenye orodha yako alitaka kuwemo. Kiungo cha mwaliko kinaweza kubeba alama yake, t.me/jina_la_boti?start=ofisi1, ukajua mtu amekuja kwa njia ipi.

Boti iombe nini

Jambo moja. Boti inayohimiza maji, matunda, usingizi, mazoezi na kupunguza chumvi kwa wakati mmoja inakuwa kama redio iliyoachwa wazi.

Kwa kutembea, Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani, yaani ile ambayo unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Dakika 30 kwa siku tano zinakufikisha 150. Usiweke lengo la hatua 10,000. Namba hiyo ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kwa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Haikutoka maabara. Kadhalika zile glasi nane za maji: mtu mwenye figo au moyo dhaifu huenda daktari amemwekea kikomo cha maji, nawe hujui. Mazoea yanayofaa boti ni yale ambayo ukimkosea mtu mmoja kati ya mia hutamdhuru. Kutembea ni moja. Kiwango cha chumvi kisichofika gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, ni jingine.

Mtu anapojiunga, boti imuulize maswali matatu tu: imwiteje, atatembea siku zipi, na baada ya kitu gani. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Mtu aliyejiwekea "nikishamfikisha mtoto shuleni, narudi kwa miguu" ana nafasi kubwa kuliko aliyesema "nitajitahidi asubuhi", kwa sababu tendo jipya limefungwa kwenye tendo ambalo tayari lipo. Lihifadhi jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, kisha umrudishie hivyo hivyo.

Linganisha:

"Ndugu mtumiaji, tunapenda kukukumbusha kwamba mazoezi ni muhimu kwa afya bora ya mwili na akili. Hakikisha unafanya mazoezi ya kutosha leo!"

"Habari za leo, Mama Zawadi? Leo ulisema ukishamfikisha mtoto shuleni unarudi kwa miguu. Imekuwaje?"

Chini ya huo wa pili kuna vitufe vitatu: Nimetembea, Leo hapana, Nina shida. Angalia pia salamu. "Mambo?" ilifaa kliniki zile, lakini boti haijui umri wa mtu. Mzee wa miaka 65 akiambiwa "Mambo" na mashine, hasa Tanzania, ataona amevunjiwa heshima. "Shikamoo" kwa kila mtu nayo inamzeesha kijana wa miaka 22. "Habari za leo" haimkosei yeyote.

Kuijenga

Fungua mazungumzo na BotFather, boti rasmi ya Telegram ya kuundia boti nyingine, andika /newbot, toa jina, halafu jina la mtumiaji linaloishia na "bot". Utapewa tokeni, mfuatano mrefu wa tarakimu na herufi. Tokeni ndiyo boti yenyewe: mwenye nayo anaweza kuwaandikia watu wako wote. Usiiandike ndani ya msimbo. Iweke kwenye faili la mazingira (faili la pembeni ambalo programu hulisoma ikiwaka) kwenye seva, na faili hilo lisipande GitHub, mtandao ambako watu huweka misimbo yao. Ikivuja, amri ya /revoke kwa BotFather inaiua na kukupa mpya.

Kwa watu 200, seva ndogo kabisa ya kukodi, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, inabeba bila kuhema. Hifadhidata ya SQLite inatosha. Majedwali ni matatu: watu, ujumbe uliotumwa, na majibu. Kwenye la watu weka chat_id (namba ambayo Telegram humtambulisha mtu kwa boti), jina la kuitia, siku alizochagua, saa, ukanda wa saa, tendo la kufungia, na hali (hai, amesimamisha, amefunga). Ukitumia hifadhidata nyingine badala ya SQLite, chat_id iwe namba ya biti 64. Ukiiweka kwenye ya 32 itafanya kazi vizuri kwa watu wenye akaunti za zamani, kisha itagoma kwa wapya, na utatafuta kosa wiki nzima mahali lisipokuwepo.

Kuna njia mbili za kupokea ujumbe: boti iulize Telegram kila mara kwa getUpdates, au Telegram iisukumie seva yako kila ujumbe unapoingia. Kwa ukubwa huu iulize. Haihitaji jina la kikoa wala cheti cha usalama. Kila ujumbe unaopokea una namba yake ya update_id. Unapouliza tena, lazima utaje namba ya mwisho uliyoipata ukiongeza moja, la sivyo utaletewa ule ule na boti itamshukuru mtu mara kumi kwa jibu moja. Maktaba ya python-telegram-bot inakufanyia hilo yenyewe. Telegram hutunza ujumbe usiochukuliwa kwa saa 24 tu, kwa hiyo boti ikilala siku mbili, majibu ya siku ya kwanza yamepotea.

Kwa ratiba, wengi humpangia kila mtu kazi yake ndani ya maktaba. Tatizo ni kwamba kazi hizo, usipopanga vinginevyo, hukaa kwenye kumbukumbu ya muda: umeme ukikatika na seva ikawaka upya, ratiba yote imefutika na hakuna anayeambiwa. Njia imara zaidi ni kitanzi kimoja kinachoamka kila dakika na kuiuliza hifadhidata: nani saa yake imefika au imepita kwa muda usiozidi saa mbili, na hajatumiwa leo? Hizo saa mbili ni za makusudi. Seva ikizimika kutoka asubuhi hadi usiku, usimwamshe mtu saa tano usiku kumuuliza habari za shule.

Kabla ya kutuma, andika kwenye jedwali la ujumbe kwamba mtu fulani, tarehe fulani, anatumiwa swali, na uweke sharti la upekee kwenye jozi hiyo ya mtu na tarehe, yaani hifadhidata ikatae kuiandika mara ya pili. Boti ikianguka katikati na kuamka, haitarudia. Kukosa ujumbe mmoja ni afadhali kuliko kuupata mara mbili.

Saa

Hapa ndipo boti zilizoandikwa kwa mifano ya Kizungu huanguka. Mtu akiandika "saa 1", anamaanisha 07:00 au 19:00, si 01:00. Lazima boti ijue saa ya Kiswahili, na kanuni yake ni fupi:

```
def saa_ya_mashine(saa, kipindi):
    h = (saa + 6) % 12
    if kipindi in ("alasiri", "jioni"):
        h += 12
    elif kipindi == "mchana" and saa not in (4, 5):
        h += 12
    elif kipindi == "usiku" and saa in (1, 2, 3, 4, 5):
        h += 12
    return h
```

Alfajiri na asubuhi hazihitaji kuongezwa kitu: saa 11 alfajiri inatoka 5, saa 12 asubuhi inatoka 6. Saa 12 jioni inatoka 18, saa 6 usiku inatoka 0. Ule mstari wa mchana upo kwa sababu wapo wanaosema "saa 5 mchana" wakimaanisha 11:00, na bila kinga hiyo watatumiwa ujumbe 23:00. Kuna na wale wanaoandika "7:30 asubuhi" kwa mazoea ya ofisini, hasa Kenya. Usijaribu kubahatisha. Mrudishie kwa namna zote mbili: "Nitakuandikia saa 1:30 asubuhi, yaani 07:30. Ndivyo?" na vitufe vya Ndiyo na Badilisha.

Halafu ukanda. Seva nyingi hukodishwa zikiwa kwenye saa ya UTC, ile saa ya dunia ya kulinganishia, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu. Ujumbe wa saa 1 asubuhi utafika saa 4, mtu akiwa kazini. Hifadhi jina la ukanda, kama Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi, usihifadhi "+3". Ukiwa na watu Bujumbura, Kigali au Lubumbashi, hao wako saa moja nyuma. Muscat wako saa moja mbele. Na mtu wa London au Toronto, hata akiwaza kwa saa ya Kiswahili, saa yake ya ukutani hubadilika mara mbili kwa mwaka. Jina la ukanda linalijua hilo, "+3" halijui.

Kusoma jibu

Vitufe vitachukua majibu mengi, lakini watu wataandika tu. Na Kiswahili hakisomeki kwa kutafuta neno ndani ya sentensi. Ukitafuta "tembea", utaipata ndani ya "nimetembea", "sijatembea", "nitatembea" na "ningetembea", na ni moja tu kati ya hayo ambayo ni kutembea. Ukanushi wetu uko kichwani mwa neno, basi anza huko: neno likianza na "sija" au "siku", au likiwa "hapana" au "bado", ni hapana.

Ila kanuni hiyo itakamata "sijambo", nayo ni salamu njema, na "sikukuu", ambayo si kukanusha kitu. "Sina shida" ina neno shida ndani yake na maana yake ni salama. "Si sawa" na "siko sawa" zina neno sawa, na maana yake ni kinyume. Kwa hiyo weka orodha ya vifungu vizima mbele ya kanuni: sijambo, sikukuu, sina shida, hakuna shida, si sawa, sio sawa, siko sawa. Boti iangalie hivyo kwanza, kisha viambishi, kisha maneno moja moja. Kisichoeleweka kisichukuliwe kuwa ndiyo. Boti ijibu, "Sijakuelewa vizuri, bonyeza kimojawapo hapa chini," na iache.

Kumpa mtumiaji modeli kubwa ya lugha (akili bandia inayotunga maandishi) ajibizane nayo kunavutia, na kwa kusoma jibu na kulipanga kwenye moja ya makundi matatu inafanya kazi nzuri. Kuiachia itunge ushauri wa afya ni habari nyingine. Siku moja mtu atauliza apunguze vidonge vyake vya presha kwa kuwa sasa anatembea, na modeli inaweza kujibu kwa ufasaha mkubwa jambo la hatari. Maneno yote ya afya yaandikwe na mtu na kupitiwa na mhudumu wa afya, kisha boti ichague miongoni mwake.

Yanayoharibika

Kosa la 409 kwenye kumbukumbu za programu maana yake kuna nakala mbili za boti zinazouliza kwa tokeni moja. Karibu kila mara ni ile uliyoisahau ikiendelea kwenye laptopu yako. Kosa la 403 maana yake mtu ameifunga boti. Badilisha hali yake, usimjaribu tena kesho. Kosa la 429 ni kwamba umetuma kwa kasi mno, na Telegram inakuambia usubiri sekunde ngapi. Zingoje zote. Kikomo ni kama ujumbe 30 kwa sekunde kwa jumla, na usizidi mmoja kwa sekunde kwa mtu mmoja. Ukituma 20 kwa sekunde, watu 200 wanaisha kwa sekunde 10, na hata 5,000 ni dakika nne na kidogo.

Ukiiweka boti kwenye kikundi, utashangaa haisikii kitu. Kwa kawaida boti kwenye kikundi huona amri na majibu yaliyoelekezwa kwake tu. Unaweza kuondoa kizuizi hicho kwa /setprivacy, kisha uitoe boti na kuirudisha. Afadhali usifanye hivyo. Mtu hatamwambia bosi wake kwenye kikundi kwamba miguu imevimba.

Kuna kosa ambalo si la mashine: hesabu ya siku mfululizo. Boti inampongeza mtu kwa siku 19, siku ya 20 anasafiri kwenda msibani, na akirudi anaona sifuri. Wengi huishia hapo. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliowafuata watu 96, ulionyesha kwamba kuruka siku moja hakuharibu kwa kiasi cha maana ujengekaji wa mazoea. Ulionyesha pia kwamba muda wa tendo kuwa la kujiendea ulikuwa siku 66 kwa mtu wa katikati, lakini kutoka siku 18 hadi 254 kati ya mtu na mtu. Zile "siku 21" zinazozunguka mitandaoni zisahau. Badala ya mfululizo, onyesha wiki: "Wiki hii umetembea mara 3 kati ya 5." Na panga boti iwe hai kwa miezi minne angalau, ikipunguza maswali kadiri mtu anavyozoea: wiki nne za kwanza siku alizochagua, baada ya hapo mara moja kwa wiki.

Ramadhani inahitaji swichi yake. Watu wa Pwani wakiulizwa saa 8 mchana kama wametembea dakika 30, hawatakasirika tu, watajua boti hii haikutengenezwa kwa ajili yao. Usiiwashe kwa kukisia kutokana na jina la mtu. Wiki moja kabla ya mwezi uliza wote: "Utakuwa kwenye mfungo? Nihamishie swali baada ya futari?" Tarehe husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka, hivyo iandike kila mwaka kwa mkono, na uache nafasi ya mwandamo.

Anayejibu "Shida"

Turudi kwenye kliniki zile tatu. Kilichoifanya "Shida" iwe na maana ni ile simu iliyofuata. Kama hakuna atakayepiga, usiweke kitufe hicho. Mtu aliyesema ana shida akajibiwa na mashine "Pole, endelea kujitahidi!" hatasema tena.

Kwa hiyo ukubwa wa boti hauamuliwi na seva. Fanya hesabu: tuseme kati ya watu 200, kumi kwa wiki wanabonyeza Nina shida, na kila simu ni dakika sita. Hiyo ni saa moja ya mtu mmoja kila wiki, na lazima mtu huyo awe na jina na siku yake kwenye ratiba. Huyo si lazima awe daktari. Shida nyingi zitakuwa viatu, mvua, mbwa wa mtaa, giza, au mgonjwa nyumbani.

Chache zitakuwa nyingine. Orodhesha vifungu vya hatari, kwa maneno yanayosemwa na watu: kifua kinabana, pumzi inakata, nimezimia, mkono umekufa ganzi, mdomo umepinda, sitaki kuishi. Boti ikiona kimojawapo isiulize kitu tena. Itume jibu moja lililoandikwa mapema, la kumtaka aende kituo cha afya sasa hivi au ampigie aliye karibu, lenye namba ya dharura ya mahali alipo, na imtumie arifa mtu wa zamu papo hapo. Namba hiyo ipige wewe mwenyewe kwanza uone kama inapokelewa.

Taarifa za watu

Taarifa za afya ni nyeti kisheria: Kenya kwa sheria ya ulinzi wa data ya 2019, Uganda nayo ina yake ya mwaka huo huo, na Tanzania kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa vitendo maana yake ni ujumbe mmoja kabla ya swali la kwanza, usemao unahifadhi nini, nani anaona, kwa muda gani, na kwamba akiandika ACHA unasimama na akiandika FUTA unafuta. ACHA ifanye kazi kwa herufi ndogo, kubwa, na ndani ya "naomba uache". FUTA ifute kweli kwenye majedwali yote matatu, na kwenye nakala za akiba zinapozunguka. Telegram haikupi namba ya simu ya mtu asipokupa mwenyewe, basi mwombe yule tu aliyebonyeza Nina shida na kukubali kupigiwa. Mazungumzo na boti hayana usimbaji wa mwisho hadi mwisho, yaani hayajafungwa yasomwe na ninyi wawili tu. Usiulize hali ya VVU, dawa, wala vipimo visivyohusiana na kutembea.

Anza na watu kumi kwa wiki mbili. Soma kila jibu kwa macho, maana hapo ndipo orodha yako ya vifungu itajaa. Kisha fungua kwa wote, ukiwagawa nusu kwa nusu kwa bahati nasibu na kuuhifadhi mgao huo: nusu waulizwe kila siku waliyochagua, nusu mara moja kwa wiki. Baada ya wiki nane hesabu wangapi kila upande bado wanajibu na wangapi wameifunga. Upande ulioshinda ndio uwe wa wote.

Na siku mradi unapokwisha, usizime seva kimya kimya, kwa maana kuna mtu atakayeandika "Shida" kwenye boti iliyokufa. Tuma ujumbe wa kuaga wiki moja kabla, wenye namba ya mtu wa kuongea naye. Futa hifadhidata pamoja na akiba zake. Halafu rudi kwa BotFather, uandike /deletebot.